Bamvua ya Mbinguni: Galaksi Tatu Zivutanazo Upande wa Kibla

Mvuvi wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba mwezi una nguvu juu ya bahari. Mwezi ukiandama, na tena ukitimia siku ya kumi na nne au kumi na tano, yeye hujua kwamba siku hizo na zifuatazo maji yatajaa mpaka yalambe kuta, kisha yatakupwa mpaka mwamba uonekane waziwazi. Hiyo ndiyo bamvua. Baada yake huja maji mafu, kisha bamvua nyingine, na hesabu hiyo haikosei. Wazee waliijua kabla ya kuwako kalenda ya ukutani.

Jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiri ni kwamba bamvua si ya bahari peke yake. Huko juu, mbali kupita kiasi cha fikira zetu, ziko jamii za nyota ambazo nazo huvutwa na jirani zao, zikajaa upande huu na kupwa upande ule. Makala haya ni ya jamii moja kama hizo. Wataalamu wameipa jina fupi lisilo na urembo: M81. Ina jirani zake wawili walio karibu, M82 na NGC 3077, na mambo yaliyopita baina ya hao watatu ni kisa kizuri cha ujirani, chenye hasara na faida ndani yake.

GALAKSI NI NINI?

Kwanza, msomaji mpenzi, tuelewane juu ya maneno. Galaksi ni jamii kubwa mno ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, iliyofungamanishwa na mvutano wake yenyewe. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu, ile tuionayo usiku wa giza kama mkanda mweupe uliokata mbingu, iitwayo Njia ya Maziwa. Nyota zake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya mamilioni.

Ziko galaksi za umbo la yai, ziko zisizo na umbo maalumu, na ziko zenye mikono iliyojizonga kutoka katikati, kama kamba ambayo baharia ameizungusha juu ya sitaha. Yetu ni ya namna hiyo ya mwisho, na M81 pia. Bali M81 ni miongoni mwa zilizo nzuri kupita nyingi. Katikati ina kitovu cha rangi ya manjano chenye nyota kuukuu, na kutoka hapo mikono miwili mikubwa imezunguka kwa utaratibu, ikimeta kwa nyota changa za rangi ya buluu. Ndani kabisa ya kitovu chake limo shimo jeusi lenye uzito wa takriban majua milioni 70. La galaksi yetu ni la kama majua milioni 4 tu.

Masafa yake je? Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua mpaka kwetu huchukua dakika nane na kidogo. Kutoka M81 mpaka kwetu huchukua miaka kama milioni 12. Kwa hiyo tuionapo M81 hatuioni ilivyo leo, bali ilivyokuwa zamani hizo, kabla ya binadamu kuwako duniani.

JENEZA NA DUBU

Galaksi hii iko wapi? Hapa sisi wa pwani tuna nafuu. Mombasa na Makka zimekaribiana sana kuwa katika mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, na kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini takriban sawasawa. Mwenye kujua msikiti wa mtaani kwake umeelekea wapi hana haja ya dira. Na atazame huko katika usiku wa Machi au Aprili, naye ataona nyota saba za kung'aa: nne zimefanya umbo la pembe nne, na tatu zimefuatana kwa nyuma.

Waarabu wa kale waliziita Banat Na'sh, yaani mabinti wa jeneza. Zile nne ndizo jeneza, na zile tatu ndio mabinti waliofiwa, wanaoandamana nyuma ya maiti. Wagiriki nao waliona katika nyota hizo, pamoja na nyingine za karibu, umbo la dubu mkubwa. Elimu ya Wagiriki ilipohamia Baghdad na miji mingine ya Kiislamu, picha hizo mbili zikakaa pamoja katika vitabu. Ndiyo maana mpaka leo wataalamu wa Ulaya na Marekani, hata wasiojua herufi moja ya Kiarabu, huiita nyota moja ya jeneza hilo Dubhe, na nyingine Phecda. Ya kwanza imetokana na "dubb", neno lililotupa sisi "dubu". Ya pili ni "fakhidh", yaani paja, paja la dubu yule. Majina hayo yalitoka kwa Waarabu, yakasafiri hadi Ulaya, na yakiturudia sasa huwa yamevaa kofia ya kigeni.

Sasa piga mstari kwa jicho kutoka Phecda hadi Dubhe, kisha uendelee mbele masafa kama yaleyale, kushuka upande wa kushoto. Hapo ndipo ilipo M81. Haionekani kwa jicho tupu la mtu wa kawaida. Lakini kwa darubini ya mkono, mahali pasipo taa wala mwezi, huonekana kama kiwingu kidogo, na karibu yake, masafa yanayopita kidogo upana wa mwezi mpevu, kiwingu cha pili chembamba zaidi. Hicho ndicho M82.

VIWINGU VYAPATA MAJINA

Neno hilo "kiwingu" lina historia. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanachuoni aliyezaliwa Rayy mwaka 903, aliandika kitabu mashuhuri cha nyota zisizohama takriban mwaka 964. Ndani yake alitaja doa dogo la mfano wa wingu katika kundi la nyota liitwalo Andromeda. Ndiyo habari ya kwanza ijulikanayo kuandikwa juu ya galaksi ile, jirani mkubwa wa galaksi yetu. Al-Sufi hakuwa na darubini. Alikuwa na macho makali na subira.

M81 ilingoja zaidi ya miaka mia nane baada yake. Tarehe 31 Desemba 1774, huko Berlin, kijana wa Kijerumani aitwaye Johann Elert Bode aliziona M81 na M82 kwa darubini. Mwaka 1779 Mfaransa Pierre Méchain naye aliziona, kwa juhudi zake mwenyewe, akampasha habari mwenzake Charles Messier. Messier alikuwa mwindaji wa nyota zenye mkia, na viwingu hivi vilimsumbua kwa kufanana nazo. Akaviandika katika orodha ili yeye na wenzake wasidanganyike tena. Mwaka 1781 hivi viwili vikaingia kama namba 81 na namba 82, na herufi M ni ya jina lake. NGC 3077 ilionwa na William Herschel mwaka 1801.

Hata hivyo hakuna aliyejua ni vitu gani. Wengine walidhani ni mawingu ya gesi yaliyomo humuhumu katika galaksi yetu. Ubishi huo ulikatwa na Mmarekani Edwin Hubble, ambaye mwanzoni mwa 1925 ilitangazwa kazi yake iliyoonyesha kwamba kiwingu cha Andromeda kiko mbali mno nje ya Njia ya Maziwa. Njia yake ilikuwa kutumia nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa mpango. Muda wa mpango huo ukijulikana, ung'aavu wa kweli wa nyota hujulikana, na masafa yake hupatikana kwa hesabu. Mwaka 1994 njia ileile, kwa darubini iliyo angani iliyopewa jina la Hubble huyo, ilitumiwa kuipimia M81.

KISA CHA M82

Jirani wa kwanza, M82, ndiye aliyewashughulisha watu zaidi. Ni mdogo kuliko M81, na huonekana kwa ubavu, mwembamba na mrefu, hata akapewa jina la utani la Sigara. Jina halikukosea, kwa sababu hutoa kitu kama moshi: michirizi ya gesi nyekundu itokayo katikati kwenda juu na chini, maelfu ya miaka ya nuru.

Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, Lynds na Sandage, waliandika kwamba katikati ya M82 palikuwa pametokea mlipuko mkubwa. Hoja ilikuwa na nguvu, maana gesi ilionekana wazi ikikimbia kutoka kitovuni. Kwa miaka kadhaa M82 ilitajwa kama galaksi iliyopasuka yenyewe. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulidhaniwa kuwa ni wa ndani ya nyumba yake, na jirani hakutiwa hatiani.

Lakini baruti ilitoka wapi? Galaksi haiamki siku moja ikalipuka bila sababu. Ili kulijibu swali hilo ilibidi watu wajifunze kwanza galaksi hufanyana nini zikipitana.

TAA ZA LUND

Mtu wa kwanza kulijaribu jambo hilo kwa vitendo alikuwa Msweden, Erik Holmberg, wa mji wa Lund. Siku hizo kompyuta hazikuwako za kufanyia kazi kama hiyo. Holmberg akatumia hila ya akili: nguvu ya mvutano hupungua kwa masafa kwa kanuni ileile ambayo mwanga wa taa hupungua. Ukienda mbali mara mbili, mwanga hubaki robo, na mvutano hubaki robo. Basi akapanga taa za umeme 37 kuwa galaksi moja na taa 37 nyingine kuwa galaksi ya pili, akapima kwa chombo mwanga unaofika mahali pa kila taa, akaisogeza kila taa kwa kadiri ya kipimo, akapima tena na kusogeza tena. Mwaka 1941 alitangaza matokeo: zikipita karibu, zile galaksi za taa zilinyooshwa zikaota mikono.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1972, ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walitumia kompyuta kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu zaidi. Wakaonyesha kwamba galaksi mbili zikipitana, mvutano peke yake watosha kutoa daraja la nyota na gesi upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili.

Kwa nini pande mbili? Hapa turudi baharini. Mwezi huuvuta upande wa dunia ulio karibu nao zaidi kuliko uvutavyo kitovu cha dunia, na kitovu nacho huvutwa zaidi kuliko upande wa nyuma. Ndiyo maana maji huvimba upande unaoelekea mwezi na pia upande wa mgongoni, na kwetu hujaa mara mbili kwa mchana na usiku mmoja. Galaksi nayo ni vivyo hivyo: upande wa jirani hutoka daraja, upande wa mgongoni hutoka mkia. Tofauti ni kwamba maji ya bahari hurudi yalikotoka baada ya saa sita, lakini nyota na gesi zilizotolewa kwao huenda zisirudi kamwe.

UZI USIOONEKANA

Baada ya hapo watu wakaanza kuitazama M81 na jirani zake kwa jicho jingine. Ukipiga picha ya kawaida, zile galaksi tatu huonekana kila moja imekaa peke yake, na kati yake hakuna kitu ila giza. Hakuna dalili ya ugomvi wala ya usuhuba.

Gesi ya haidrojeni iliyo baridi haionekani kwa jicho, lakini hutoa mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 21. Katika miaka ya 1970 darubini za redio zilianza kuonyesha kwamba baina ya galaksi hizi kuna gesi. Kisha mwaka 1994 ikatoka ramani kamili, iliyofanywa na Yun na wenzake kwa mtambo wa New Mexico wenye sahani 27, kila moja upana wa mita 25. Ramani hiyo iliwashangaza wengi. Palipokuwa giza tupu palijaa kamba ndefu za gesi, kutoka M81 kwenda M82, na kutoka M81 kwenda NGC 3077, zimezunguka na kushikana mpaka galaksi tatu zikawa kama majahazi matatu yaliyofungwa kwa amari moja.

Basi kisa kikafahamika. Mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, M82 ilipita karibu na M81. Jirani mkubwa akamvuta mdogo, gesi yake ikatikiswa na kusukumwa katikati, ikasongamana. Gesi ikisongamana huzaa nyota, na M82 ikaanza kuzaa nyota kwa kasi ya takriban mara kumi ya galaksi yetu. Nyota kubwa haziishi sana, hulipuka zikafa. Milipuko hiyo, mmoja baada ya mwingine, ndiyo isukumayo nje ule moshi mwekundu. Haukuwa mlipuko mmoja wa siku moja. Lynds na Sandage waliona kweli gesi ikikimbia, ila asili ya mambo ilikuwa nje, kwa jirani, kupitia uzi ambao macho ya siku zile hayakuweza kuuona.

Milipuko ya namna hiyo imeshuhudiwa katika galaksi zote mbili. Tarehe 28 Machi 1993, Francisco García wa Hispania, mpenzi tu wa nyota, aliona nyota iliyolipuka ndani ya M81. Na tarehe 21 Januari 2014, mwalimu Steve Fossey wa London, akiwaonyesha wanafunzi wake namna ya kutumia darubini, aliona pamoja nao nyota mpya ndani ya M82 ambayo haikuwamo katika picha za zamani. Hiyo ilikuwa ya namna nyingine, mlipuko wa nyota kuukuu iliyokwisha kupoa.

M81 yenyewe haikutoka bure. Wataalamu wanaamini kwamba uzuri wa mikono yake miwili umesaidiwa na kupitiwa na majirani. Na pembeni yake kipo kigalaksi kidogo ambacho nyota zake nyingi ni changa mno. Wengi hukiona kuwa kimezaliwa na gesi iliyonyofolewa katika msukosuko ule. Kinaitwa Holmberg IX, kwa jina la yule bwana wa taa za Lund, maana ndiye aliyekiorodhesha.

CHUNGWA NA SINIA

Mtu aweza kuuliza: galaksi zikikaribiana, nyota zake hazigongani? La, si rahisi. Lau jua lingekuwa chungwa lililowekwa Mombasa, nyota iliyo jirani yake wa karibu kabisa ingekuwa chungwa jingine lililowekwa Aden. Machungwa mawili katika masafa hayo hayana hatari ya kukutana. Lakini galaksi zenyewe ni kitu kingine. Galaksi ikiwa ni sinia la wali, basi M81 na M82, kwa zionekanavyo kutoka kwetu, ni masinia mawili yaliyowekwa kwenye mkeka mmoja, na kati yake hata sinia mbili hazienei. Nyota huishi katika upweke. Galaksi huishi mtaani.

Na sisi pia tuna mtaa wetu. Ukiwa pwani, usiku wa giza wa mwezi wa Desemba au Januari, tazama kusini uone viwingu viwili hafifu vilivyoachana. Hivyo ni Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo mbili zilizo jirani na yetu, na nyuma yake umenyooka mkondo mrefu wa haidrojeni uliotokana na kuvutana huko. Andromeda ya al-Sufi nayo inatujia kwa kasi ya kama kilomita 110 kwa sekunde. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba zitagongana na kuungana baada ya miaka kama bilioni 4. Hesabu mpya za mwaka 2025, zilizotia ndani mvuto wa galaksi nyingine za mtaa wetu, zimepunguza uhakika huo. Katika miaka bilioni 10 ijayo, zinasema, kuungana au kutoungana ni kama nusu kwa nusu. Kilichoibadili hesabu ni kuwahesabu majirani.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mikono ya M81 na moshi wa M82 havikuundwa na kila mmoja peke yake, na aliyetaka kumfahamu mmoja ilimlazimu kuwatazama wote watatu pamoja na giza lililo kati yao.

Mwenye darubini ya mkono na angoje katikati ya Aprili, katika siku ambazo mwezi haujatoka. Akisha kusali isha na atoke nje ya taa za mji, aelekee kibla, alitafute jeneza na mabinti zake, kisha ashuke kushoto taratibu. M81 haipandi juu sana kwetu, kama nyuzi 17 tu kutoka upeo wa macho ukiwa Mombasa, na Lamu hupanda zaidi kidogo. Kwa hiyo mnazi mmoja au nyumba ya ghorofa yatosha kuificha. Achague mahali peupe.